Masikio ya kukodi: asubuhi moja na mwongozaji wa ndege Arabuko-Sokoke

Nauza chaja na kava za simu Mwembe Tayari, Mombasa. Spika ya jirani yangu hutangaza bei tangu asubuhi hadi jua linazama. Kwa hiyo likizo ya Agosti ilipofika na binti yangu akaniuliza tutakwenda wapi, nilimwambia popote pasipo na spika. Akachagua msitu wa Arabuko-Sokoke, kisa amesikia kuna bundi mdogo wa kutoshea kiganjani. Mama yangu akaguna. "Kwetu bundi akilia juu ya paa watu husoma dua. Leo mnalipa mkamtafute?" Lakini kesho yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia garini, na mahamri na mbaazi zake kwenye hotpoti.

Kosa la kwanza ni letu. Mwongozaji alituambia kwenye simu tuwe kituo cha Gede saa kumi na mbili na nusu. Tukafika karibu saa mbili, maana Probox ya kuazima haikimbii. Ndege wa msituni hawamngoji mtu. Jua likishapanda wananyamaza. Kama unatoka Mombasa, lala Watamu au Malindi usiku wa kuamkia safari.

Sasa huduma yenyewe. Mwanzoni niliona nalipia mtu anionyeshe njia, na njia naiona: mchanga mweupe, miti mirefu ya mrihi pande zote mbili. Dakika ishirini tulitembea hatukuona hata unyoya. Kisha mwongozaji wetu, kijana tu, akainua mkono, tukasimama. Mimi sikusikia kitu. Yeye akatuambia tusogee chini ya mrihi mmoja na tutulie, kundi linakuja.

Likaja kweli. Ndege wa misitu hii hutembea kama msafara, aina nyingi pamoja, kila mmoja na kazi yake: hawa wanachokora magome, wale wanadaka wadudu waliokurupushwa. Mbele walipita weusi wenye midomo myekundu, wakipiga kelele kama wake wenza. Juu kabisa, kwenye majani, alikuwepo ndege mdogo aitwaye chozi wa Amani, na binti yangu alimpata kwa darubini kabla yangu. Baada ya dakika kumi hivi msitu ukarudi kimya kana kwamba hapakuwa na mtu. Hapo ndipo nilipoelewa ninacholipia. Peke yangu ningekuwa nimetembea moja kwa moja, wao wakapita nyuma yangu.

Mama alipata wake pia. Kulisikika sauti kama ya mtoto mchanga analia, akageuka kwa wasiwasi: "Nani kaacha mtoto huku?" Kijana akacheka, "Ni ndege huyo, hondohondo, bibi." Tangu hapo wakawa marafiki. Mama alimtajia kororo na kulukulu kwa majina ya utotoni mwake, na kijana akamwonyesha mabawa mekundu ya kulukulu, ambayo huyaoni mpaka aruke.

Sange alituvukia njia mara mbili. Ni mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga na makalio ya rangi ya dhahabu, na duniani kote anaishi hapa na vichaka vichache vya jirani tu. Binti yangu amelichora lile kalio kwenye daftari lake la hesabu, sijui mwalimu atasemaje.

Kwa bundi ilibidi tuendeshe hadi upande wa udongo mwekundu, ambako vichaka vimesongamana. Msitu una kilomita za mraba kama 420, usidhani utaumaliza kwa miguu. Njiani Probox ilizama mchangani, tukasukuma wote isipokuwa mama, aliyetoa maagizo. Huyo bundi alijulikana kwa wataalamu mwaka 1965 tu, na nje ya hapa anapatikana Usambara Mashariki, Tanzania. Kijana aliingia kichakani peke yake, akakaa robo saa, akatuita kwa kidole. Walikuwa wawili, wamegandana kwenye tawi la usawa wa kifua changu, mmoja wa kijivu na mwingine wa rangi ya kutu, macho nusu wazi. Hakuna aliyesema neno. Mwongozaji alitupa dakika mbili akatuondoa, hakukubali tuwapige picha kwa mwanga wa simu, na hilo nimempa alama kubwa. Mama alisoma dua yake kimoyomoyo, midomo niliiona.

Mnana wa Clarke hatukumwona. Kijana alituambia wazi tangu asubuhi kwamba huyo huhamahama, na kwamba viota vyake viligunduliwa mwaka 2013 tu, kwenye kinamasi cha Dakatcha kaskazini ya hapa. Afadhali mtu anayekwambia hivyo kuliko anayekuahidi.

Mchana tulikula kwenye hoteli moja ya barabarani nisiyoitaja: wali wa nazi mzuri, samaki tuliyemngoja saa moja na nusu. Kipepeo, mradi wa kufuga vipepeo pale mlangoni mwa magofu ya Gede, tulipita haraka, tukanunua asali.

Mambo ya kujua: malipo ya kuingia ni kwa simu, hawapokei pesa taslimu, na ya mwongozaji mpatane kabla ya kuondoka. Vaa suruali ndefu na soksi, kupe wapo. Maji beba mwenyewe. Darubini yangu, niliyoinunua kwa bei ya mlo mmoja, ilionyesha kila ndege akiwa wawili. Azima ya mtu.

Nampa nyota tano. Mama anasema nne, kwa sababu ya bundi, lakini ameshauliza kama Desemba kijana yule atakuwepo.