Ngano za kale: kabla ya kulipa, itazame punje

Mwezi uliopita nilinunua pakiti ya faro, jina la Kiitaliano la ngano za kale, kwa bei iliyoniuma. Nikailoweka usiku kucha, asubuhi nikaibandika motoni dakika 40 kama ninavyopika ngano nzima siku zote. Nilipofunua sufuria nikakuta uji. Nikarudi kwenye pakiti, nikamimina punje chache kiganjani na kusogea dirishani. Zilikuwa nyeupe kama chaki, zimekwaruzwa ubavuni, na ganda la kahawia limebaki uzi mwembamba tu ndani ya ule mfereji wa katikati. Zilikuwa zimekobolewa, na pakiti haikusema hivyo mbele wala nyuma.

Ladha na protini hujadiliwa sana. Swali la kukobolewa halimjii mnunuzi hata kidogo, na ndilo linaloamua anachobeba kwenda nyumbani. Punje iliyokobolewa imepoteza pumba, na mara nyingi kiini (sehemu inayoota) nacho, maana yake nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya madini zimebaki kiwandani. Huiva kwa dakika 15 hadi 20, wakati punje nzima isiyolowekwa inaweza kutaka hata saa nzima. Ukimuuliza muuzaji atakwambia imetolewa kapi tu. Kutoa kapi ni jambo jingine kabisa: kapi ni ganda gumu la nje, haliliki na lazima litoke. Waitaliano wana maneno ya kutenganisha hayo, na inafaa uyakariri: *decorticato* imetolewa kapi tu, *semiperlato* imekobolewa kidogo, *perlato* imekobolewa yote.

Halafu hilo jina faro lenyewe ni la ngano tatu tofauti. Faro ndogo ni einkoni, ya kati ni ema, kubwa ni spelti. Tafuta jina la kisayansi: *Triticum monococcum*, *dicoccum* au *spelta*. Lisipokuwepo, rudisha pakiti rafuni.

Chaguo langu la kwanza si faro, ni ngano nyingine ya kale iitwayo Khorasan, yenye chapa ya Kamut, na sifichi kwamba naipendelea. Kamut ni alama ya biashara iliyosajiliwa mwaka 1990 na familia ya Bob Quinn wa Montana, Marekani, na anayeitumia analazimika kuuza ngano ya kilimo hai isiyochanganywa na ngano ya kisasa. Kwa hiyo najua ninachonunua. Tena Khorasan hutoka kapi kwa kupurwa tu, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kuikwaruza kwa mashine. Punje zake ni ndefu, zina rangi ya kaharabu, na zikiiva hubaki ngumu kidogo na kupasuka mdomoni kwa utamu kama wa siagi. Loweka usiku, chemsha kwenye maji mengi yenye chumvi dakika 40 hivi, chuja kama tambi. Mtu akikusimulia kwamba mbegu yake ilichukuliwa kaburini Misri ikaota, usimwongezee hata senti: mbegu ya ngano haiishi maelfu ya miaka.

Ya pili ni einkoni. Ni miongoni mwa nafaka za kwanza kabisa kufugwa na binadamu, na ilikutwa tumboni mwa Ötzi, maiti ya miaka zaidi ya 5,000 iliyopatikana kwenye barafu ya Alps mwaka 1991. Hadithi hiyo wauzaji wanapata nafasi ya kuiandika kwenye pakiti, neno "nzima" hawapati. Punje ni ndogo na huiva upesi, dakika 30 hivi. Unga wake ni wa manjano na gluteni yake, yaani protini inayoshikamanisha donge, ni dhaifu: punguza maji, usikande sana, ukubali donge linalonata.

Kwa mkate nunua spelti. Inaumuka vizuri, ila ukiikanda muda mrefu donge linalegea na kukatika. Ema naiweka mwisho, na ni kwa supu tu, maana inavumilia kuchemka na maharage bila kuvurugika. Ukipata ya Garfagnana, Italia, yenye alama ya IGP, inayothibitisha eneo ilikotoka, chukua.

Pakiti za bei rahisi za mchanganyiko wa nafaka za kale ziache. Punje moja imeiva, jirani yake bado jiwe.

Kuna jambo linanikasirisha kuliko bei. Wauzaji wanawaambia wagonjwa kwamba ngano za kale hazina gluteni. Nimeambiwa hivyo mwenyewe, ana kwa ana, na mtu aliyeshika kijiko cha kupimia. Zote nne ni ngano na zote zina gluteni, hata hiyo dhaifu ya einkoni. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye gluteni humdhuru utumbo, asiguse hata moja.