Spirulina au mwani: kipi ukitie kwenye chakula cha samaki?

Mfugaji wa Pemba akitaka samaki wasiugue ovyo, wazo la kwanza ni mwani. Upo, ni wetu, kina mama wanauanika kila siku. Lakini kazi yake bwawani si ile ya spirulina.

Spirulina ni vile viumbe vidogo mno vya kijani vya maziwa ya magadi, kama Ziwa Natron, wanavyokula ndege heroe. Unga wake mkavu una protini asilimia 60 hadi 70, na kuta za chembe zake ni laini, samaki humeng'enya bila taabu. Majaribio kwa perege yameonyesha chembe nyeupe za damu zikichangamka, na samaki wengi zaidi wakinusurika bakteria wa Aeromonas. Tabu ni bei. Tena joto huiharibu rangi yake ya buluu, fikosayanini, ambayo ni sehemu ya dawa yenyewe. Kwa hiyo tembe za chakula zianikwe kivulini; ukiona kijani kimegeuka kahawia, umeshapoteza pesa.

Mwani wetu una protini kidogo, chumvi nyingi na karajinani, ule ute wake unaoganda. Kinga huisaidia kiasi, ila mimi naupendea kitu kingine: hugandisha tembe zisimeguke majini.

Basi vifaranga vya perege nivipe spirulina, kidogo tu, na dagaa wabaki kwenye chakula chao. Mwani uwe gundi. Na samaki mwatiko je? Huyo hujilia mwenyewe utando wa kijani ulioota chini ya bwawa. Rutubisha maji kwanza kabla hujafungua pochi.