Google Sheets kwa rosta ya zamu za kuitwa: hesabu inaweza, haki uiwekee mwenyewe

Wodi yenye wauguzi wasiozidi ishirini hivi haina haja ya kukimbilia programu ya kulipia. Google Sheets, programu ya majedwali ya Google, ni ya bure, inafunguka kwenye simu, na inatosha. Ila haijui lolote kuhusu zamu ya kuitwa, yaani ile ya kukaa tayari kuitwa kazini ukihitajika: itahesabu kile tu utakachoiambia ihesabu.

Mafaili mengi ya aina hii huhesabu idadi ya zamu, na manung'uniko huanzia hapo, kwa sababu zamu nne za katikati ya wiki hazilingani na Jumamosi tatu na sikukuu moja. Hesabu pointi. Safu wima A iwe tarehe, B iwe =WEEKDAY(A2,2), ambapo Jumatatu ni 1, C pointi, D jina la anayeitwa kwanza, E wa akiba. Usiku wa kawaida upewe pointi 1, Jumamosi au Jumapili 2, sikukuu 3. Viwango vyenyewe si sheria; wauguzi wavikubali kabla rosta haijaandikwa, maana baada ya mtu kuangukiwa na sikukuu hakuna atakayesikilizana na mwenzake. Majina yakiwa safu G, jumla ya kila mmoja kwa wiki 13 hutoka kwa =SUMIF(D$2:D$92,G2,C$2:C$92). Faili lililowekwa mkato kuwa alama ya desimali litadai nukta-mkato (;) kati ya vipande vya fomula.

Majina yachaguliwe kwenye orodha, yasichapwe kwa mkono. Nafasi moja iliyosahaulika mwishoni mwa jina inatosha SUMIF iiruke zamu hiyo, na mtu akaonekana hajafanya kazi aliyoifanya.

Rangi za masharti (conditional formatting), zinazojiweka zenyewe sharti likitimia, ndizo sehemu bora ya programu hii. Teua D5:D92, weka fomula =AND(D5<>"",COUNTIF(D2:D4,D5)>0), na jina lolote lililokwisha kupangwa ndani ya siku tatu zilizotangulia litageuka jekundu papo hapo.

Sasa mitego. Ukizungusha majina siku kwa siku na wauguzi ni 7, kila mtu atabaki na siku yake ileile, na mmoja atakuwa mtu wa Jumamosi daima. Kwa 14 hali ni hiyohiyo, ila kila baada ya wiki mbili. Tenganisha mzunguko wa wikendi na wa siku za kazi. Mtego mwingine ni mgeni: akianza na sifuri huku zamu zikienda kwa mwenye pointi chache, atabebeshwa wikendi zote mpaka awafikie wenzake. Mwanzishie kwa wastani wa wengine, na anayetoka likizo ndefu naye vivyo hivyo. Wa nusu mkataba, gawanya pointi zake kwa 0.5 ndipo umlinganishe.

Pale inapopwaya kweli ni mapumziko. Rosta inaonyesha nani alipangwa. Haionyeshi nani aliitwa saa nane usiku akatoka saa kumi na moja alfajiri, kisha asubuhi hiyohiyo akatarajiwa wodini. Ongeza safu ya muda wa kuingia, H, na wa kutoka, I. Zamu ikivuka saa sita usiku, I2-H2 hutoa jibu hasi; andika =MOD(I2-H2,1). Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2003 kuhusu muda wa kazi inataka angalau saa 11 za kupumzika mfululizo katika kila saa 24, na hata mahali isipofika ni kipimo kizuri cha kusogeza zamu ya asubuhi. Lakini safu hizo lazima mtu azijaze, na aliyechoka hajazi. Hapo programu maalumu zinaishinda Google Sheets waziwazi.

Kubadilishana zamu kunakwenda vizuri ukifunga safu D na E, mfawidhi pekee akawa na ruhusa ya kuzihariri, maombi yakaja kwa fomu inayobandika saa yenyewe. Historia ya matoleo huonyesha nani alibadili nini. Sababu za kiafya za mtu kuomba asipangwe zisiandikwe kwenye faili ambalo wodi nzima inalisoma.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ukichapisha nakala ya ubaoni, tarehe ya toleo iandike kwa mkono: =TODAY() hubadilika kila siku, na rosta ya zamani ikichapwa leo itajitangaza kuwa mpya.