Darubini ya milimita 150 kwa kutazama Zohali: uzoefu wangu tangu 2021

Pete za sayari ya Zohali (Saturn) zinaonekana. Natanguliza hilo kwa sababu ndilo watu huniuliza kwanza wakisikia nina darubini.

Hii yangu ni ya kioo, kipenyo chake milimita 150 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kioo hadi pale mwanga unapokusanyika, milimita 1200. Imekaa juu ya kitako cha mbao cha aina ya Dobson, yaani unaisukuma kwa mkono. Haina mota wala betri. Ilikuja na lenzi mbili za jicho, moja ya milimita 25 na nyingine ya milimita 10. Ukigawanya 1200 kwa namba ya lenzi unapata ukuzaji: mara 48 na mara 120. Hizo mbili zimenitosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

Kabla yake nilinunua ndogo ya milimita 60, boksi lake likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 525. Maandishi hayo yalinipotezea mwaka mzima. Wazoefu wana hesabu rahisi: ukuzaji wenye faida hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Kwa hiyo ile ya 60 inaishia mara 120 hivi, ukizidisha unakuza ukungu. Kibaya zaidi ni ile miguu mitatu, ilitetemeka kila nilipogusa skrubu ya kufokasi. Zohali ilionekana kama yai lenye masikio. Galileo naye mwaka 1610 aliona masikio hayo akadhani ni sayari yenye wenzake wawili ubavuni. Ni mwanaastronomia Christiaan Huygens aliyekuja kueleza mwaka 1659 kwamba ile ni pete. Ukiniuliza kipi kianze, kipenyo au ukuzaji, nitakwambia kitako kisichotikisika, kisha kipenyo.

Kwa lenzi ya milimita 25 Zohali ni ndogo sana kuliko picha tulizozizoea. Lakini ni kali, na kati ya tufe na pete unaona weusi wa anga. Nikiweka ya milimita 10 ndipo mambo yananoga: rangi ya manjano hafifu, mkanda mmoja mweusi kidogo kwenye tufe, tufe lenyewe limebonyea juu na chini kwa sababu linajizungusha kwa saa kumi na nusu hivi. Mwanya wa Cassini, ile nafasi nyeusi inayotenganisha pete kuu mbili, wenye upana wa karibu kilomita 4,800, niliupata Septemba 2021. Ulikuwa uzi mweusi kwenye ncha mbili za pete. Unakuja, unapotea, unarudi, kadiri hewa inavyotulia. Nilikaa nao zaidi ya saa moja, na sikuwa na haraka.

Mambo mawili ya kujua kabla hujailaumu. Kwanza, itoe nje mapema, nusu saa hadi saa nzima, kioo kipoe. Kikiwa bado na joto picha inachemka kama maji. Pili, kwa mara 120 sayari inavuka uwanja wa kuonea chini ya dakika mbili, kwa sababu dunia inazunguka. Lazima usukume taratibu. Wiki ya kwanza nilikuwa naipoteza kila mara, sasa mkono unafanya wenyewe. Kupanga vioo vitazamane sawasawa nako kunahitaji kujifunza, ila hakutishi.

Sasa miezi, ambayo kwangu ndiyo sababu ya kuipenda darubini hii. Zohali ina miezi 274 iliyothibitishwa kufikia 2025. Mimi nimeona minne, na mmoja nusu. Titan unaonekana bila shida hata kwa mara 48, nukta moja tulivu. Nilikuwa nachora daftarini kila usiku wenye anga safi: tufe, pete, nukta. Unazunguka kwa siku 16, kwa hiyo baada ya siku nane nukta ilikuwa imehamia upande wa pili. Hapo ndipo nilielewa kwamba ninautazama mwezi mkubwa kuliko sayari ya Utaridi, ule ule ambao chombo cha anga kiitwacho Huygens kilitua juu yake Januari 14, 2005. Rhea unahitaji jicho lililozoea giza. Tethys na Dione ni kwa usiku bora kabisa, huku Zohali yenyewe nikiwa nimeisukuma nje kidogo ya uwanja ili mng'ao wake usinisumbue.

Novemba 2025 pete zilikuwa zimetugeuzia ukingo, zimebaki mstari mwembamba kama sindano iliyochomwa katikati ya tufe. Mwaka 2021 Titan ulikuwa ukipita juu na chini ya sayari; safari hii ulikwenda na kurudi karibu kwenye mstari ule ule wa pete. Mwanya wa Cassini usiutafute wakati kama huo, haupo wa kuonekana. Pete zitaendelea kufunguka hadi mwanzoni mwa miaka ya 2030.

Ule mwezi wa nusu ni Iapetus. Upande wake mmoja unang'aa, mwingine ni mweusi, na mwanaastronomia Cassini alipougundua mwaka 1671 aliuona tu ukiwa magharibi ya sayari. Picha ya darubini hii imepinduliwa, kwa hiyo usibahatishe: upande ambao Zohali inatoka nje ya uwanja ukiiacha bila kusukuma, huko ndiko magharibi. Huko nimeuona mara tatu. Mashariki, ukinigeuzia uso wake mweusi, bado sijaupata. Unachukua siku 79 kuzunguka, na tarehe za zamu yake ya mashariki nimeshaziandika daftarini.