Presha kuka ya umeme: jiko zuri, ila mpira tu ndiyo hawauzi

Nianze na hasira, mapishi yatafuata, maana nikianza na mapishi mtadhani nalisifia.

Ni jiko la presha la umeme, lita 6, la kubonyeza vitufe, nililonunua kwenye duka la vyombo hapa Arusha mjini. Jina la kampuni halina maana, yale ya bei ya kati yote ni ndugu: mfuniko uleule, sufuria ileile, stika tofauti. Nalipatia nyota 2. Lingepata 4 na nusu kama si kikofia kimoja cha mpira kisichozidi kifungo cha shati.

Geuza mfuniko uangalie kwa chini. Kuna kipini cha chuma kinachopanda na kushuka. Presha ikijaa kinapanda, kinaziba tundu, mfuniko unajifunga, na hapo ndipo jiko linaanza kuhesabu dakika. Sasa kinachoziba lile tundu si chuma chenyewe, ni kikofia cha mpira kilichovishwa kwenye ncha ya kipini. Kikichanika, hata ufa wa unywele, mvuke unatoka palepale, tsss, kama baiskeli iliyochomwa na mwiba. Presha haijai, kipini hakipandi, dakika hazihesabiwi. Lakini sahani ya joto huku chini inaendelea kuwaka kwa wati zake zote 1000, kwa sababu jiko linaamini bado linatafuta presha. Maji yanaisha, wanga unazama na kushika chini. Baadaye kioo kinaandika E na namba, linalia pi pi pi, na nyumba nzima inajua. Ukifungua, mahindi ya juu ni kokoto, ya chini ni mkaa. Makande ya watu sita.

Hilo lingekuwa jambo la dakika 5. Mpira ni mpira, unachakaa. Unakwenda ulikonunua, unapewa mwingine, unalipa bei ya soda, unarudi. Nimefika na mfuniko mkononi na risiti yenye maneno “garantii mwaka 1” yaliyoandikwa kwa kalamu ya bluu. Kijana wa kaunta hakuuangalia mfuniko. Aliniangalia mimi.

“Mama, hii siyo sufuria ya kuni. Kama kitabu hujasoma, tusilaumiane.”

Nikamwonyesha ufa. Akaita mwenzake, mwenzake akasema fundi wao yuko Dar. Nikauliza mpira peke yake bei gani. “Mpira hatuuzi, mama. Tunauza jiko zima.” Na nyuma yake, juu ya kalenda, kile kibao chao: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kuandika garantii huku unajua huna hata mpira mmoja wa akiba dukani, sijui mwenzangu unakuitaje.

Na hicho kitabu nimekisoma. Kurasa za Kiingereza kibovu zinazosema “weka maji ya kutosha”. Ya kutosha ni kiasi gani? Kipini hakijatajwa popote isipokuwa kwenye mchoro wenye mshale.

Basi nitawaandikia mimi kile ambacho kitabu kimeruka.

Jiko likigoma kujaza presha, usikimbilie fundi. Weka maji vikombe 3, funga, weka dakika 5, usimame ulitazame. Likiwa zima, kipini kinapanda ndani ya dakika 6 hadi 8. Kisipopanda, tafuta mvuke unatokea wapi. Ukitoka pembeni mwa mfuniko, shida ni ule mpira mkubwa wa duara: umelegea, umekaa vibaya kwenye reli yake, au kuna punje ya wali imebanwa. Utoe, uoshe, urudishe kwa kuubonyeza kuzunguka mpaka usikie hauchezi. Ukitoka kwenye kizibo cha kutolea mvuke, huenda hakijakaa kwenye alama ya kufunga, au chini yake, ndani ya kile kiwavu, kuna ganda la harage. Ukitoka kwenye kipini chenyewe, ni kikofia. Kivute kwa kucha, kipinde dhidi ya mwanga, ufa utauona.

Cha kufanya: usiende kununua ukiwa mikono mitupu. Chukua kile cha zamani, hata kama kimekatika vipande viwili, ukilinganishe macho kwa macho. Mafundi wa majiko na pasi wa mitaa ya nyuma ya Soko Kuu wana makopo yenye mipira ya kila aina, waliyoing'oa kwenye majiko yaliyokufa. Kinatakiwa kiwe na unene uleule na mfereji uleule katikati. Kikilegea hata kidogo mvuke utakisukuma nje. Usigundishe kwa gundi, na usifunge uzi. Nimeona watu wanafunga uzi. Kile kipini ni sehemu ya usalama, kikikwama juu hutajua kama ndani kuna presha au hakuna.

Na kama ni maharage yaliyokuwemo wakati limegoma, usiyaache humo kwenye kitufe cha kutunza chakula kisipoe ukidhani yataiva taratibu. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayovuruga tumbo na joto dogo haliitoi. Yahamishie kwenye sufuria ya kawaida, yatokote kwa nguvu nusu saa, ndipo upunguze moto.

Haya, sasa upande wa pili, nisije nikaonekana nina chuki na chombo. Chombo chenyewe, kikiwa kizima, hakina mpinzani kwa nyumba yenye watoto wa shule na mtu anayeandika mapishi mtandaoni. Sisemi kwa sababu kinapika haraka. Watu wanakosea hapo. Makande kwa jiko hili, ukijumlisha kila kitu, ni saa moja na robo. Faida ni kwamba katika saa hiyo na robo hakuna anayesimama jikoni. Hakuna kuongeza maji, hakuna kupuliza mkaa, hakuna “mama, yanafurika!” Kuna dakika 75 za kukagua daftari la hesabu, kupiga pasi sare, na kuandika mapishi ya leo hukohuko mezani wakati harufu bado iko puani na vipimo bado viko kichwani. Ukisubiri mpaka watoto walale utaandika “chumvi kiasi”, na “chumvi kiasi” si mapishi.

Makande yangu: mahindi yaliyokobolewa vikombe 2, maharage kikombe 1, vyote viloweshwe tangu usiku, maji yake yamwagwe. Ndani ya jiko weka maji mapya vikombe 6 na kijiko kimoja cha mafuta. Mafuta hayo si ladha, yanapunguza povu, na povu ndilo linalobeba maganda mpaka kwenye kizibo. Usizidishe nusu ya sufuria. Vyakula vingine unaruhusiwa theluthi mbili, ila nafaka na jamii ya maharage mwisho ni nusu. Dakika 40, kisha acha lishuke lenyewe dakika 15 kabla ya kugusa kizibo. Ukifungulia mvuke ghafla, utapata chemchemi ya supu ya maharage hadi darini. Nyanya zinaingia baadaye, kwenye kuunga, kwa sababu uchachu wake unakaidisha maharage. Tui nalo mwisho kabisa, mfuniko ukiwa wazi. Tui ndani ya presha linakatika na linashika chini.

Hapo kwenye dakika 40 wengi mnaniandikia mkilalamika kwamba mnapata uji. Mtakuwa mnapika Dar au Tanga. Arusha tuko kama mita 1400 juu ya usawa wa bahari na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Jiko la presha linaongeza presha juu ya ile iliyopo nje, na ya nje huku kwetu ni ndogo, kwa hiyo hata ndani joto halifiki lilipofika la Dar. Kanuni ni hii: ukishavuka mita 600, ongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300. Dakika 35 za pwani ni dakika 40 Arusha. Moshi mjini, ambako ni chini zaidi, 36 au 37 zinatosha. Ukiandika mapishi, taja uko wapi. Na andika “dakika 40 baada ya kipini kupanda”, maana jungu lililofika nusu linaweza kuchukua dakika 20 kabla ya kuanza kuhesabu. Msomaji aliyepanga kula saa mbili usiku anakula saa mbili na nusu na anakulaumu wewe.

Kingine kinachowaponza wanaoandika ni kikombe. Kile cha plastiki kinachokuja ndani ya boksi si kikombe cha 250. Ni cha mchele, mililita 180 au chini yake. Pima kwa chupa ya maji ya nusu lita utaona. Ukitumia hicho kwa mchele na bilauri ya nyumbani kwa maji, wali wako utakuwa bokoboko, na ukiuandika hivyo utawapikisha bokoboko watu wengi.

Mtori pia unatoka vizuri, ila una mtego. Nyama ya mifupa nusu kilo, maji vikombe 4, kitunguu, dakika 25 kwanza peke yake. Toa presha, ndipo uweke ndizi mshare 10 au 12 zilizomenywa, juu ya nyama, bila kukoroga. Dakika 8. Ukikoroga, wanga wa ndizi unatua chini na jiko linasoma joto limezidi, linazima. Toa mifupa, ponda kwa mwiko humohumo taratibu, maana ile sufuria ya ndani ina rangi inayobanduka ukitumia chuma. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya na tumbukiza ndizi kwenye maji, la sivyo picha yako itakuwa ya mtori wa kijivu. Picha yenyewe usiipige usiku kwa taa ya jikoni. Weka bakuli moja pembeni, asubuhi lipashe, liweke dirishani, ngoja mvuke upungue ndipo utoe simu, kioo chake kinapata ukungu.

Umeme: makande haya yanakula kama nusu uniti. Kwa bei ya kawaida ya LUKU ni chini ya shilingi 200. Mkaa haufiki hapo hata ukibembeleza. Ila jioni, saa zile kila nyumba imewasha, umeme unakuwa mdogo. Ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, jiko la wati 1000 linabaki na nguvu ya wati 600 na kitu, kwa hiyo kupanda presha kunachelewa sana na utadhani mpira umekufa tena. Angalia taa kwanza kabla ya kulaumu kikofia. Na usilichomeke kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na friji, waya utapata moto. Umeme ukikatika katikati, usifungue. Liache nusu saa, chakula kinaendelea kuiva kwa joto lililobaki.

Mpira mkubwa ununue wa pili kama utaupata. Mmoja wa nyama na vitunguu, mwingine wa wali na uji. Unanyonya harufu, na uji wa mtoto wenye harufu ya supu ya kongoro hautanyweka.

Nikisoma nilichoandika naona nimelisifia kuliko nilivyokusudia. Labda nyota 4. Kikofia nilikipata kwa fundi wa kibandani, akanivisha kwa sekunde kumi, akakataa hata kupokea chenji yangu yote. Sasa mtu wa kibandani anacho, wao wenye duka la vioo hawana? Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Sawa, tumeitika, tumenunua. Mipira anauza nani? Jiko likikaa wiki tatu bila mpira, mkaa unarudi barazani, na ukirudi hautoki kirahisi.

Anayenunua leo, dai waufungue mfuniko mbele yako, waonyeshe kikofia, na uulize kabla ya kulipa: cha akiba kipo? Wakisema kipo, kiwekwe mkononi. Wakikosa, nenda duka la pili, la tatu.

Nilikuwa nimeamua nyota 4. Juzi nikapita pale dukani, wamepanga majiko mapya kumi na zaidi mlangoni, na bango la punguzo. Nikauliza tena, kwa upole kabisa, kama safari hii wameleta na mipira. Kijana yuleyule, hata hakunikumbuka.

“Tunauza jiko zima, mama.”

Nyota 2.