Kimara hadi Posta kwa baiskeli: tathmini ya njia iliyo pembeni mwa Barabara ya Morogoro

Kuhusu mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam yameshaandikwa mengi, ya sifa na ya malalamiko, lakini njia ya baiskeli iliyojengwa sambamba nayo hutajwa kwa nadra sana. Mimi huitumia siku nne kwa juma, kutoka Kimara Korogwe hadi Posta, katikati ya jiji, asubuhi na kurudi jioni, na huu ni mwaka wa tatu tangu niachane na nauli nikanunua baiskeli ya mtumba ya Kijapani yenye gia sita, kikapu mbele na karia nyuma. Tathmini hii basi ni ya mtumiaji, si ya mhandisi, ingawa mtu akikaa muda mrefu juu ya tandiko huanza kuelewa kwa nini mahali fulani anapumua na mahali pengine anakamata breki kwa vidole vyote.

Njia hiyo ni sehemu ya awamu ya kwanza ya mradi wa mabasi, ambayo ina urefu wa kilometa 21 hivi: shina lake linatoka Kimara kwa Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, na matawi mawili yanachepuka, moja kwa Barabara ya Kawawa kuelekea Morocco, jingine kwa Mtaa wa Msimbazi kuelekea Kariakoo. Mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, na jiji likapata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Nayakumbusha hayo kwa sababu moja tu, kwamba njia za waenda kwa miguu na za baiskeli zilichorwa pamoja na vituo na barabara za mabasi tangu mwanzo, hazikupachikwa baadaye mahali palipobaki, na tofauti hiyo unaihisi magurudumuni.

Kinachonipendeza kwanza ni ukingo wa zege. Dereva anayetaka kukwepa foleni hawezi kuteleza tu kushoto akaingia kwetu, bali lazima aupande ukingo huo, na wengi wao huzihurumia rimu zao. Jambo la pili halionekani upesi, nami mwenyewe nililigundua baada ya miezi kadhaa: mabasi makubwa hupita katikati ya barabara na vituo vyake viko hukohuko katikati, kwa hiyo hakuna basi linalohitaji kuvuka njia ya baiskeli ili kuchukua abiria. Aliyewahi kuendesha baiskeli katika barabara ya daladala anaujua mchezo wake. Daladala linakupita, linakukata mbele ili kuingia kituoni, linasimama. Unalizunguka kwa upande wa kulia huku moyo ukidunda kwa sababu hujui kinachokuja nyuma yako. Kondakta anagonga bodi, na kabla hujamaliza mita mia mbili linakupita tena ili likukate kituo kinachofuata. Kati ya Kimara na Ubungo sijakutana na balaa hilo, na kwangu jambo hilo peke yake lina thamani kuliko ubora wa lami.

Alfajiri njia hii ina wenyewe, na mtu kama mimi, mwenye mkoba wa kompyuta mgongoni, ni mgeni tu kwao. Ukitoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili utawakuta wabeba mkaa wanaoingia mjini kutoka upande wa Kibaha, wenye matenga ya kuku, wenye trei za mayai zilizofungwa kwa mpira wa tairi, wenye madumu ya maziwa na wasambazaji wa mikate. Mtu mwenye magunia ya mkaa kwenye karia hawezi kukwepa shimo ghafla, hawezi kusimama ndani ya mita tatu, na akisukumwa nje ya lami huanguka yeye kwanza, kisha mzigo humwangukia. Kwa sababu hiyo hunikera kusikia njia za baiskeli zikizungumzwa kama anasa ya watu wanaofanya mazoezi siku ya Jumamosi. Wapo wanaozihitaji ili watoto wao wale jioni, na hao hawavai kofia ngumu wala hawana nafasi ya kuhudhuria mikutano ya mipango miji.

Nikija kwenye kasoro, iliyo mbaya kuliko zote ni njia panda. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, hatari kubwa ni gari linalokupita kisha likakata kushoto mbele yako ili kuingia mtaa wa pembeni, kituo cha mafuta au geti la ghala. Midomo ya namna hiyo ni mingi kutoka Kimara hadi Manzese, na katika kila mmoja njia ya baiskeli hushuka ikalingana na barabara, alama zake zikafifia, halafu ikapanda tena upande wa pili. Kwa maneno mengine, gari hupewa mteremko laini na baiskeli hupewa vishindo viwili, mahali pale pale ambapo gari ndilo lilistahili kupunguza mwendo. Dawa yake haihitaji fedha nyingi: njia ya baiskeli na ya miguu iendelee juu bila kukatika, na gari lipande tuta dogo kila linapotaka kuivuka. Dereva akilazimika kupanda tuta ataangalia, hata kama ni kwa ajili ya chesisi yake.

Njia panda hizo pia ndizo zinazonifanya nisikubaliane na wenzangu wengi wanaoendesha kinyume, yaani wanaotumia njia ya upande wa kulia kwa sababu ndiko waendako na hawataki kuvuka barabara. Dereva anayetoka mtaa wa pembeni ili akate kushoto hutazama kulia kwake, kunakotoka magari. Anayemjia kutoka kushoto hamwoni mpaka awe mbele ya boneti. Ukingo wa zege haumsaidii mtu hapo.

Kasoro inayofuata ni bodaboda. Ni kichekesho cha historia kwamba chombo kinachotuondoa njiani kilipata jina lake kutokana na baiskeli, kule Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako abiria walivushwa juu ya karia kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Siku moja ya masika, karibu na kituo cha basi cha Kagera katika njia hii yetu, nilikutana ana kwa ana na kijana wa pikipiki aliyekuwa akija kinyume katika kipande chembamba kati ya meza ya matunda na ukingo. Yeye aliwahi kusimama; mimi nilikwenda chini, nikainuka na kiwiko kilichochubuka na spoku mbili zilizokatika. Alishuka, akaniinulia baiskeli, akaniambia, "Samahani sana, kaka. Huku ndiko salama." Nilikuwa nimeshaandaa maneno makali, nikashindwa kuyatoa, kwa kuwa sababu yake ya kuwa pale ilikuwa ileile iliyonipeleka mimi. Hata hivyo pikipiki yenye uzito wa zaidi ya kilo mia moja, ikienda kilometa arobaini kwa saa kwenye njia ya baiskeli, inaturudishia hatari ambayo ukingo ulijengwa kuizuia, na nguzo fupi za zege zilizopangwa kwa nafasi inayoruhusu mpini wa baiskeli na tenga lake hazitoshi kuizuia, kwa sababu palipopita tenga hupita na pikipiki. Hapo panahitajika usimamizi wa kila siku.

Kuhusu wafanyabiashara wadogo na magari yanayoegeshwa Manzese na Magomeni sina mengi. Meza ya machinga huhamishika na mwenyewe husogea ukigonga kengele. Gari lililoegeshwa halisogei, na mlango wake wa kushoto hufunguliwa na abiria ambaye hajawahi kufikiri kwamba kuna mtu anayepita upande huo. Kati ya hao wawili, yule wa meza hunisumbua kidogo zaidi.

Jangwani panastahili maelezo yake. Barabara inashuka katika bonde la Mto Msimbazi, na mvua kubwa zinaponyesha mto hupanda, barabara hufungwa, mabasi husimama na jiji zima hulitaja jina la Jangwani kwa siku mbili. Kisichotajwa ni yale yanayofuata. Maji yakishapungua, magari hurudi na matairi yake hulisafisha tope la barabarani ndani ya saa chache, lakini njia ya baiskeli hubaki na tabaka la mchanga na udongo laini kwa siku nyingi, kwa sababu hakuna uzito wa kutosha unaopita juu yake kulisukuma. Tairi jembamba likiingia kwenye mchanga huo usukani hujikunja wenyewe. Kwa hiyo kila masika na kila vuli huja majuma ambapo njia ipo kwenye ramani na sote tuko barabarani na malori. Kama ningeulizwa kitu kimoja cha kurekebisha kesho bila kumwaga zege lolote, ningeomba watu sita wenye makoleo na mkokoteni waletwe Jangwani asubuhi ya kwanza baada ya mafuriko.

Pale Ubungo, chini ya daraja la ngazi tatu la Kijazi lililozinduliwa mwaka 2021, mimi hushuka nikaikokota baiskeli pamoja na waenda kwa miguu. Hunigharimu dakika nne au tano, na sijuti.

Kutoka kituo cha Fire kuingia Posta kinga huisha kwangu, nikajichanganya na magari. Kipande hiki ni kifupi, lakini ndicho kinachonichosha kuliko kilometa zote zilizotangulia, na nilichojifunza hapo ni kwamba ugomvi kati ya dereva na mwendesha baiskeli mara nyingi ni ugomvi wa tofauti ya mwendo. Mimi huenda kilometa 15 kwa saa, naye kisheria anaruhusiwa 50 ndani ya mji. Nguvu ya kishindo hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo gari la kilometa 50 hugonga kwa karibu mara tatu ya nguvu ya lile la kilometa 30, na barabara isiyo na njia ya baiskeli wala kikomo cha chini cha mwendo humwachia kila dereva aamue mwenyewe, kwa hisia zake za asubuhi hiyo, apite umbali gani na kiwiko changu. Wengi huamua vizuri. Wapo wanaonipungia mkono nitangulie, na dereva mmoja wa lori la maji huzima honi kabisa anaponiona, akasubiri nyuma yangu mpaka njia ipanuke. Lakini Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, zaidi ya nusu yao wakiwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki, na hesabu ya namna hiyo haiwezi kukabidhiwa ukarimu wa madereva.

Katika kipande hiki mimi huendesha mita moja kutoka ukingoni, si kwenye mtaro kama wanavyonitaka makondakta wanaopiga kelele "Pembeni!", kwa sababu aliyejibana mtaroni hualika gari lijaribu kumpita mahali ambapo hapatoshi, na hana pa kukimbilia likimkaribia. Taa nyekundu ya nyuma naiwasha hata mchana. Kengele ni ya watu na meza. Kwa magari haina kazi.

Kwa hiyo alama zangu hazilingani njia nzima. Kimara hadi Ubungo naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano imeliwa na midomo ya mitaa ya pembeni. Ubungo hadi Magomeni ni tatu, kwa sababu ya pikipiki na magari yaliyoegeshwa. Jangwani ni nne wakati wa kiangazi na moja wakati wa mvua. Fire hadi Posta siipi kitu, kwa kuwa hapo sikupewa huduma ya kuipima. Safari yote hunichukua dakika 55 kwenda, kwa msaada wa mteremko wa Kimara, na zaidi ya saa moja kurudi, kwa sababu mteremko ule ule hunidai deni lake jioni. Anayefikiri kuanza ningemshauri aanze siku ya Jumapili asubuhi, aende mpaka Magomeni tu, na ahesabu kwa sauti kila mdomo wa barabara anaovuka, ili Jumatatu isimfundishe kwa kushtukiza.

Binti yangu wa darasa la saba ameanza kuniomba aende shule kwa baiskeli. Jumamosi iliyopita alinifuata nyuma kutoka Korogwe, akipiga kengele bila sababu, na tulipofika Baruti akauliza, "Baba, mbona tunageuza hapa?" Nilimwonyesha mdomo wa barabara uliokuwa mbele yetu, ambamo gari dogo jeupe lilikuwa linakata kushoto bila kuwasha taa ya ishara. Mpaka Baruti nimemruhusu.