Kingston Fury Beast DDR4-3200: tathmini ya RAM kwa anayejiundia kompyuta ya Ryzen 5 5600G

Anayejiundia kompyuta ya mezani kwa prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G kwa kawaida hufanya hivyo ili aahirishe gharama ya kadi ya grafiki, na kwa uamuzi huo RAM yake hubebeshwa kazi mbili. Inaihudumia prosesa kama kawaida, na wakati huohuo inakuwa kumbukumbu ya picha, kwa kuwa grafiki za Vega zilizomo ndani ya prosesa hiyo hazina kumbukumbu yake zenyewe. Nimeitumia jozi ya Kingston Fury Beast, vipande viwili vya GB 8, juu ya ubao mama wa MSI B450M PRO-VDH MAX. Ni RAM nzuri kwa mashine ya aina hii, mradi mnunuzi achukue jozi iliyofungwa pamoja kiwandani na asiiache katika kasi inayoanza nayo.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba lebo inajieleza, kwa yule anayejua kuisoma. Jozi hii inaitwa KF432C16BBK2/16. Herufi KF ni za Kingston Fury. Tarakimu 4 inataja kizazi cha DDR4. 32 ni kasi ya 3200, yaani kupitisha data mara milioni 3200 kwa sekunde. C16 ni ucheleweshaji wa CL16, yaani mapigo 16 ya saa kabla RAM haijaanza kutoa data iliyoombwa. BB ni Beast ya rangi nyeusi. K2 ni vipande viwili. Na 16 ya mwisho ni jumla ya gigabaiti. Nambari hiyo nzima, si jina la Fury Beast peke yake, ndiyo ya kutafutwa katika orodha ya RAM zilizopimwa ambayo kila mtengenezaji wa ubao mama huiweka kwenye tovuti yake. Kukosekana kwa nambari kwenye orodha hakumaanishi kwamba RAM itakataa, maana hakuna kampuni inayopima kila kitu, lakini ikiwemo mnunuzi amepunguza shaka kubwa bila gharama yoyote.

Kuifunga si kazi. Ubao huu una nafasi nne, na vipande viwili huwekwa katika ya pili na ya nne kwa kuhesabu kutoka kwenye prosesa, zilizoandikwa DIMMA2 na DIMMB2. Ukivipachika katika nafasi mbili za njia moja ya data (zenye herufi moja, A au B), kompyuta itawaka vizuri tu, ila utakuwa umeitupa nusu ya upana wa njia bila kujua. Kimo cha kipande ni milimita 34.1, na feni ya Wraith Stealth inayokuja na prosesa haikigusi kabisa. Mwenye kipoza kikubwa kama Noctua NH-D15 apime kwanza, kwa sababu feni yake ya mbele huiachia RAM kimo cha milimita 32 tu, na itabidi aipandishe kidogo.

Ninapowashangaa wanunuzi wengi ni hapa: boksi limeandikwa 3200, lakini RAM hii ikiwashwa mara ya kwanza hukimbia kwa 2400, CL17, kwa volti 1.2. Kasi iliyolipiwa imehifadhiwa katika wasifu wa XMP, yaani mipangilio ya kasi iliyotayarishwa ndani ya RAM yenyewe, na haiji mpaka mtu aingie kwenye BIOS, programu ya msingi ya ubao mama, na kuiwasha. Kwenye bodi za MSI za AMD kitufe chake kinaitwa A-XMP. Baada ya hapo volti hupanda hadi 1.35, mashine huweza kujizima na kujiwasha tena huku kioo kikiwa cheusi, kisha hutulia kwenye 3200, ambayo ndiyo kasi ya juu iliyoidhinishwa rasmi na AMD kwa 5600G. Kwa hesabu ya nadharia, kipande kimoja katika 2400 hupitisha GB 19.2 kwa sekunde, na jozi katika 3200 hupitisha GB 51.2. Katika michezo inayotegemea Vega tofauti hiyo huonekana kwa macho, na haihitaji kipimo chochote.

Programu ya CPU-Z itaonyesha takriban MHz 1600, na Windows itaonyesha kwamba RAM inayoweza kutumika haifiki GB 16. Hujaibiwa. Ya kwanza inasoma mapigo ya saa, na DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo. Ya pili imeondoa sehemu iliyotengwa kwa ajili ya picha.

Kuhusu jozi, muuzaji mmoja alinishauri nichukue vipande viwili vilivyo mbalimbali kwa bei nafuu kidogo. “Kaka, hizi ni zilezile, tofauti ni boksi tu.” Mara nyingi huwa hivyo, na ndipo ushauri wake unapohadaa. Vipande viwili vyenye jina moja la biashara vinaweza kuwa na chipu tofauti ndani, vikafanya kazi pamoja katika 2400 na kugoma XMP inapowashwa. Jozi imepimwa pamoja, na Kingston huipa dhamana ya muda wote wa uhai wa bidhaa. Kwa sababu hiyohiyo, anayehisi kwamba GB 16 hazitamtosha kwa kuhariri video anunue mara moja jozi ya 16 mbili, asitegemee kuja kujaza nafasi zilizobaki baadaye, kwani vipande vinne huitwisha prosesa mzigo na kasi inaweza kulazimika kushuka.

Fury Beast hii si ya kila mtu. Mwenye bodi ya AM5, soketi ya AMD ya kizazi kilichofuata, aiache, kwa kuwa AM5 hupokea DDR5 peke yake na pengo la katikati ya pini haliko mahali pamoja, ingawa zote mbili zina pini 288. Mwenye Dell OptiPlex 7060 ya mtumba atakuwa analipia kitu asichoweza kukitumia: BIOS yake haina XMP, hivyo RAM hii itabaki kwenye 2400, ilhali Kingston ya kawaida ya KVR32N22, ambayo 3200 yake ni ya msingi, isiyohitaji XMP, kwa volti 1.2, itafika 2666 inayokubaliwa na mashine hiyo. Na anayevutiwa na bei ya DDR4 zilizotolewa kwenye seva achunguze lebo kabla ya kutoa pesa. Zikiwa za aina ya RDIMM, yaani RAM za seva zenye chipu ya ziada ya rejista, zitaingia kwenye nafasi bila shida yoyote, lakini ubao wa B450 kama huu hautawaka.